Ndege Milioni Nne Waliokufa kwa Njaa Baharini

Mwezi wa Desemba 2024 jarida la sayansi la Marekani liitwalo Science lilitoa habari ambayo, kwa maoni yetu, ilistahili nafasi kubwa kuliko ile iliyopewa na magazeti ya dunia. Habari yenyewe ni hii: ya kwamba katika pwani za Alaska, baina ya mwaka 2014 na 2016, walikufa ndege wa baharini wa aina moja tu wapatao milioni nne. Hawakupigwa risasi, wala hawakumwagiwa sumu, wala hawakushikwa na tauni. Walikufa kwa njaa, tena katika bahari ambayo tangu zamani imesifiwa kuwa ni miongoni mwa bahari zenye samaki wengi kuliko zote ulimwenguni. Bibi Heather Renner na wenzake walioandika habari hiyo wasema kwamba, ukiwatoa samaki, hakuna msiba mwingine ulioandikwa katika zama zetu uliopata kuua wanyama wenye uti wa mgongo wengi kiasi hicho wa aina moja.

Msomaji aweza kuuliza: Alaska ni wapi, na sisi ni wapi? Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu hapo mbele. Kwanza twaomba tuieleze nchi yenyewe.

Alaska ni ile pembe ya kaskazini-magharibi ya Amerika ambayo Urusi iliiuza kwa Marekani mwaka 1867 kwa dola milioni 7.2, bila ya wenyeji wake kuulizwa neno. Ilifanywa jimbo kamili la Marekani mwaka 1959. Kusini yake iko Ghuba ya Alaska. Magharibi yake iko Bahari ya Bering. Na baina ya bahari hizo mbili vimejipanga visiwa vya Aleutian, kama shanga zilizokatikiwa uzi, vikielekea upande wa Asia. Hapo si kwenye ncha ya dunia hasa, bali ni ukingoni mwake. Upande wa kaskazini wa Bahari ya Bering huganda wakati wa baridi, lakini maji ya Ghuba hayagandi. Wakati wa kiangazi jua lakaribia kukesha.

Ndege tunayemzungumza hana jina katika Kiswahili, wala si ajabu, maana hajapata kuonekana kwetu. Wamarekani humwita murre, nasi tutamwandika muri. Ni ndege mwenye uzito wa kilo moja hivi, mgongo mweusi na kifua cheupe, naye akiwa juu ya jabali husimama wima, mfano wa mtu aliyevaa kanzu na juu yake koti jeusi. Mabawa yake ni mafupi, kwa kuwa amepewa mabawa ya kufanyia kazi mbili: kurukia hewani na kupigia kasia majini. Huzama zaidi ya meta 100 akifukuza samaki wadogo, na huko chini hurusha mabawa yake kama vile yuko angani. Lakini kila kitu kina gharama yake. Bawa lililo zuri majini ni bovu hewani, na wataalamu waliopima nguvu anayotumia jamaa yake wa karibu katika kuruka wameona kwamba ni kubwa kupita ya karibu kila ndege mwingine aliyepata kupimwa. Kwa hiyo muri hana budi kula kila siku chakula chenye uzito wa nusu ya mwili wake au zaidi. Mwanadamu wa kilo 60 angelazimika kula kilo 30 za samaki kutoka asubuhi hata usiku, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Tena muri hana akiba kubwa ya mafuta mwilini. Akikosa chakula kwa siku tatu hadi tano amekwisha.

Mtu atauliza, ndege mwenye matumizi makubwa hivyo amewezaje kuishi? Amewezaje, na zaidi ya hayo, kuwa mmoja wa ndege wa baharini walio wengi kabisa katika nusu ya kaskazini ya dunia? Jibu ni utajiri wa bahari ile. Wakati wa baridi tufani za kaskazini huikoroga bahari kama mwiko unavyokoroga chungu, na ile rutuba iliyozama chini hupandishwa juu. Jua la masika likirudi, rutuba hukutana na mwanga, na maji yote hugeuka kijani kwa vimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vimea huliwa na vidudu vya planktoni, hasa vikamba vidogo vyenye mafuta mengi; vikamba huliwa na samaki wadogo kama kapelini na wale wembamba wajichimbiao mchangani; na hao ndio chakula cha muri, cha shakwe, cha pafini wenye midomo ya rangi, cha chewa wa kaskazini, cha sili na cha nyangumi. (Huyo chewa tunayemtaja si yule wa miamba yetu ya matumbawe, bali ni samaki wa maji baridi.) Kwa ajili hiyo huduma ya kwanza ya baridi kwa viumbe wale ni kulisha. Sisi wa nchi za joto twaweza kudhani kwamba joto likizidi kidogo katika bahari kama ile, viumbe watafurahi. Kumbe sivyo.

Kabla ya kufika huko, hebu tutazame muri anavyozaa, maana hapo ndipo penye ajabu na hapo ndipo penye udhaifu wake.

Muri hajengi kiota. Hutaga yai moja tu kwa mwaka, juu ya jiwe tupu, katika vipenu vya magenge yanayoning'inia juu ya bahari. Hukaa wengi pamoja, wamesongamana hata katika meta moja ya mraba huweza kuwamo jozi ishirini. Wataalamu huyaita makazi hayo koloni. Sisi, ambao neno hilo lina ladha nyingine kinywani mwetu, tutayaita miji ya ndege. Yai lenyewe ni kubwa, nalo limechongoka upande mmoja. Wazee wa elimu hii walifundisha kwamba limechongoka ili likisukumwa lizunguke mahali pake, lisibingirike likaanguka baharini. Siku hizi wako wanaosema kwamba sababu hasa ni kulifanya litulie vizuri juu ya jiwe lenye mteremko, na mabishano hayajakwisha. Lisilo na ubishi ni kwamba hakuna mayai mawili yaliyo sawa. Moja ni la buluu, la pili kijani, la tatu jeupe, na yote yana madoa na mistari kana kwamba mtoto wa chuoni amejaribu kalamu yake ya wino. Katika mji wenye wakazi makumi elfu, mama hulijua lake.

Kinda akiisha kutoka hulishwa samaki mmoja mmoja kwa wiki tatu hivi. Kisha, hali hajaweza kuruka, wala mabawa yake hayajakamilika, jioni moja baba hushuka majini akaanza kumwita. Kinda husogea ukingoni mwa genge, hulia, hurudi nyuma, husogea tena; mwisho hujitupa. Aweza kuangukia majini, aweza kuangukia mawe, naye kwa wepesi wake mara nyingi hudunda akainuka. Baba humtambua kwa sauti katikati ya maelfu, nao wawili huogelea kwenda bahari kuu, na huko baba humlisha peke yake kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili. Mama hubaki nyuma kwa siku kadhaa akilinda kile kiwanja cha jiwe, pasije pakanyakuliwa na mwingine. Twaliandika jambo hili kwa urefu kwa sababu wengi wetu tumezoea kusikia kwamba katika wanyama kazi ya kulea ni ya mama peke yake.

Basi katika majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 zile tufani hazikuja kama desturi. Kanieneo kubwa ya hewa ilisimama juu ya bahari ikazizuia, nayo bahari, isipokorogwa, ikabaki na joto lake. Maji yenye joto yakatandaa kutoka Ghuba ya Alaska hata karibu na pwani za Meksiko, mahali pengine yakipita kiasi cha kawaida kwa digrii tatu za sentigredi na zaidi. Bingwa mmoja wa hali ya hewa wa jimbo la Washington, Bwana Nick Bond, aliyapa jina la mzaha ambalo kwa Kiswahili twaweza kuliita Bonge. Jina likashika. Mwaka 2015 ikaja El Niño ikaongeza joto juu ya joto, na hali ile haikutulia mpaka mwaka 2016.

Ni vipi maji ya uvuguvugu yamwue ndege ambaye damu yake ni moto na manyoya yake hayapitishi maji? Hayakumwua kwa joto; yalimwibia chakula kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ulikuwa chini. Vikamba vinono vya maji baridi vilipungua, na mahali pao vikaja vidogo vya kusini visivyo na mafuta. Samaki wadogo waliovila wakawa haba, na waliobaki wakawa wamekonda. Kapelini walikaribia kutoweka katika Ghuba. Ndege akizama akapata samaki, kumbe amepata ngozi na miba. Mlango wa pili ulikuwa juu. Samaki hana moto wake mwenyewe mwilini. Maji yakipata joto, naye hupata joto, na tumbo lake hudai zaidi. Kwa hiyo chewa na poloki, ambao ni mamilioni kwa mamilioni, walianza kula kupita desturi yao wakati ule ule ambapo chakula kilikuwa kimepungua. Muri akajikuta mezani na mlafi, na sinia ni dogo.

Mwishowe mlafi naye aliangamia. Chewa wa Ghuba ya Alaska walipungua kwa kadiri ya asilimia sabini, na mwaka 2020 serikali ya Marekani iliufunga kabisa uvuvi wao katika maji yake ya Ghuba. Watu wenye mashua, wenye madeni ya mashua, na wenye viwanda vya kupasua samaki walijua hapo kwamba msiba wa ndege ulikuwa ni habari yao pia, isipokuwa iliwafikia baadaye.

Dalili zilionekana tangu kiangazi cha 2015. Muri wakaanza kutupwa ufukoni, wafu na wengine wakiwa katika kukata roho, kutoka California mpaka Alaska. Wengine walionekana mbali barani, kwenye mito na maziwa, mahali ambapo ndege wa baharini hana kazi. Katika Januari 2016, karibu na mji mdogo wa Whittier, walihesabiwa muri wapatao 8,000 katika ufuko wa maili moja. Waliopasuliwa hawakuwa na kitu tumboni, wala mafuta mwilini, na misuli ya kifua ilikuwa imeliwa na mwili wenyewe.

Hadi masika ya 2016 walikuwa wamehesabiwa muri 62,000 hivi waliokufa au walio mahututi. Twapenda msomaji ajue ni nani waliohesabu. Sehemu kubwa ya kazi ile ilifanywa na watu wa kawaida, wastaafu, walimu, wake kwa waume, ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakitembea kila mwezi katika kipande kimoja cha ufuko, wakiokota mizoga, wakiipima na kuifunga alama, kwa mpango wa Chuo Kikuu cha Washington uitwao COASST. Hawalipwi. Kwa kuwa walikuwa wamehesabu katika miaka ya kawaida, ndiyo maana mwaka usio wa kawaida ulipokuja waliweza kuutambua.

Lakini mzoga ufikao pwani ni mmoja katika wengi. Wengine huzama, wengine huliwa. Mwaka 2020 Bwana John Piatt na wenzake, wakipiga hesabu kutokana na mizoga, walitaja idadi ya baina ya nusu milioni na milioni moja na laki mbili. Ilionekana kuwa ni idadi ya kutisha. Kumbe ilikuwa ndogo. Jibu la kweli lilipatikana kwenye magenge, kwa kuhesabu walio hai. Watumishi wa hifadhi ya ndege na wanyama ya Alaska Maritime, ambayo ina visiwa zaidi ya 2,400 na ndege wa baharini wapatao milioni 40, wamekuwa wakizitazama baadhi ya sehemu zile zile za magenge tangu miaka ya sabini. Walipolinganisha miji kumi na mitatu ya muri, hesabu za 2008 hadi 2014 kwa hesabu za 2016 hadi 2022, waliona kwamba katika Ghuba ya Alaska imepotea nusu na zaidi kidogo, na katika mashariki ya Bahari ya Bering wamepotea 78 katika kila mia. Kwa Alaska nzima, ni kama nusu ya muri wote.

Wasomaji wetu walio watu wazima watakumbuka meli ya mafuta Exxon Valdez, iliyopanda mwamba katika Ghuba hiyo hiyo usiku wa tarehe 24 Machi 1989. Mafuta yale yalikadiriwa kuua ndege wa baharini 250,000, wengi wao muri, na picha za ndege weusi kwa lami zilizunguka dunia nzima. Msiba wa Bonge ulikuwa mkubwa mara kumi na sita, na ni wachache walioupiga picha. Kwa ile meli alikuwapo nahodha wa kulaumiwa, ilikuwapo kampuni ya kushitakiwa, na ilitozwa fedha nyingi. Kwa joto la bahari, hati ya mashitaka itaandikwa kwa jina la nani? Utafiti uliotolewa mwaka 2020 waonyesha kwamba mawimbi makubwa ya joto la baharini yamekuwa mengi zaidi ya mara ishirini kwa sababu ya hewa chafu inayotokana na kazi za wanadamu. Na katika kuitoa hewa hiyo mataifa hayana sehemu sawa, kama kila mtu ajuavyo.

Hilo ndilo jibu la kwanza kwa yule aliyeuliza Alaska ni wapi na sisi ni wapi. Joto la baharini si jambo la kaskazini peke yake. Mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi katika pwani za Kenya na Tanzania, likarudi mwaka 2016, likarudi tena mwaka 2024. Mvuvi wa Kilwa au wa Lamu hahitaji kufundishwa na mtu kwamba tumbawe likifa samaki huhama.

Jambo lililowashangaza wataalamu zaidi ya vifo vyenyewe ni kwamba miaka saba ilipita na muri hawajarudia idadi yao hata kidogo. Kwa sehemu hilo ni hesabu nyepesi: ndege atagaye yai moja kwa mwaka, na ambaye haanzi kutaga mpaka afikie umri wa miaka minne au zaidi, hawezi kuongezeka upesi. Lakini pana sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Ule msongamano wa genge ndio ngome ya muri. Shakwe na kunguru wakubwa hukaa wakiyavizia mayai, na tai hupita juu. Lakini mbele yao pana ukuta wa midomo mikali elfu moja, na hawapati pa kutua. Watoe nusu ya wale ndege, na ukuta huwa na mianya. Tai akipita, wachache waliobaki huruka kwa hofu, mayai yakabaki wazi, na shakwe hujitwalia. Katika miaka ile iliyofuata Bonge ilikuwapo miji mikubwa ya muri ambayo haikutoa kinda hata mmoja. Hivyo uchache wenyewe huzaa uchache. Na wako wataalamu wanaoshuku kwamba bahari yenyewe imebadilika, haina tena uwezo wa kuwalisha wengi kama zamani.

Binamu yake, muri wa mdomo mnene, ambaye hutaga katika magenge yale yale, hakupata pigo la namna ile. Yadhaniwa ni kwa kuwa yeye si mchaguzi sana wa chakula. Ni tofauti ndogo ya tabia, nayo ilitenganisha uzima na mauti.

Katika habari za namna hii waandishi wa Ulaya na Amerika wana desturi ya kuzungumza juu ya ndege kana kwamba nchi haina watu. Alaska ina watu. Wayupik, Wainupiat na Waunanga wa visiwani wameishi kando ya bahari zile kwa maelfu ya miaka, na yai la muri, lililochukuliwa gengeni kwa kamba, ni chakula kizuri baada ya miezi ya nyama kavu. Hawakumaliza ndege. Walichukua walichohitaji, na ndege waliendelea kuwa mamilioni. Lakini mwaka 1916 Marekani na Uingereza, hii ya pili kwa niaba ya Kanada, zilifanya mkataba wa kulinda ndege wahamao, na ndani yake zikapiga marufuku kuwinda bata na mabata bukini kuanzia Machi hata Septemba. Sheria hiyo ilikuwa na maana kusini. Kaskazini, Machi hata Septemba ndiyo miezi ambayo ndege wapo. Miezi iliyoruhusiwa, ndege wamekwisha kwenda zao. Muri na pafini na mayai yao waliachiwa wenyeji, lakini bata alifanywa haramu katika majira yote aonekanayo.

Mwezi wa Mei 1961, katika mji wa Barrow, ambao sasa umerudia jina lake la Utqiaġvik, mtu mmoja alikamatwa kwa kupiga bata wa baharini. Wenzake hawakupiga kelele wala hawakushika silaha. Walikwenda kila mmoja akapiga bata wake, kisha watu 138 wakajipanga mbele ya mtumishi wa serikali, bata mkononi, wakisema nao wamevunja sheria, wakamatwe. Jela ya kuwaweka haikuwapo. Mashitaka yalifutwa. Hata hivyo mkataba haukurekebishwa mpaka katika miaka ya tisini, na msimu wa kwanza halali wa kuwinda wakati wa masika ulifunguliwa mwaka 2003. Twakubali kabisa kwamba ndege walindwe. Twasema tu kwamba sheria ya uhifadhi iliyotungwa bila ya mwenye nchi kuitwa barazani mara nyingi humwadhibu asiye na kosa. Katika kisiwa cha St. Paul, katikati ya Bahari ya Bering, ni Waunanga wenyewe waliookota pafini na ndege wengine zaidi ya 350 waliokufa kwa njaa baina ya Oktoba 2016 na Januari 2017, nao ndio walioifanya dunia ijue kwamba pafini maelfu kadhaa wameangamia huko.

Si kila shida ya ndege wale imetoka mbinguni au majini. Wafanyabiashara wa Kirusi, na baada yao Wamarekani, walipeleka mbweha katika mamia ya visiwa vya Aleutian ili wazaliane na ngozi zao ziuzwe. Mbweha walikula mayai, walikula makinda, walikula mama zao. Na hapo ndipo ilipogunduliwa habari iliyotupendeza kuliko zote tulizosoma juu ya visiwa vile. Mahali pasipo na mbweha, ndege wa baharini huleta nchi kavu kinyesi chao, yaani rutuba ya bahari, na kisiwa huwa na majani marefu ya kijani. Mahali penye mbweha ndege huwa hawapo, samadi haipo, na majani hugeuka kuwa vichaka vifupi na kuvu-mwani. Mbweha, ambaye hali majani, amebadilisha majani. Wataalamu waliotoa habari hii mwaka 2005 walitia mbolea katika kipande cha kisiwa chenye mbweha kwa miaka mitatu, na majani marefu yakarudi.

Bata bukini wa Aleutian alidhaniwa kuwa amekwisha kabisa, mpaka mwaka 1962 mtumishi wa hifadhi aitwaye Robert Jones, akisafiri kwa mashua ndogo katika maji yasiyo na huruma, alipofika kisiwa cha Buldir, ambako mbweha hawakupata kupelekwa, akawakuta. Mbweha wakaondolewa kisiwa baada ya kisiwa, na mwaka 2001 bata bukini huyo, ambaye sasa alikuwa ni maelfu kwa makumi, aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Kisiwa kingine, kilichoingia panya kwa meli iliyovunjika katika karne ya kumi na nane, kilisafishwa kwa sumu mwaka 2008. Sumu hiyo iliua pia tai zaidi ya arobaini, jambo ambalo wakubwa wa kazi ile wangependa lisitajwe sana. Panya walikwisha, ndege wakarudi, na mwaka 2012 kisiwa kiliacha kuitwa Kisiwa cha Panya kikarudishiwa jina lake la Kiunanga, Hawadax.

Mbweha huweza kutegwa, na panya huweza kuuawa. Bahari iliyopata joto haina mtego.

Sasa jibu la pili kwa yule msomaji wetu. Katika vilima vya mawe vya Alaska hutaga ndege mmoja mdogo wa nchi kavu, Oenanthe oenanthe katika lugha ya wataalamu, mwenye kiuno cheupe na uzito wa gramu 25, yaani kama barua mbili au tatu za posta. Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba ndege kadhaa wa aina hiyo walifungwa vyombo vidogo vya kuandika mwanga wa jua, na vyombo viliporudi vilionyesha njia yao. Hawaendi Amerika ya kusini, iliyo karibu. Huvuka Bahari ya Bering, hupita Asia yote kutoka upande mmoja hata wa pili, huvuka jangwa la Bara Arabu, na hutua Afrika Mashariki, katika nchi kavu za Sudan, Uganda na Kenya. Ni kilometa 14,500 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Kuja huchukua miezi mitatu hivi. Kurudi, kwa haraka ya kuwahi kiangazi kifupi, siku 55 tu. Mchungaji wa kaskazini ya Kenya humwona kila mwaka akirukaruka juu ya kichuguu karibu na ng'ombe wake, akiokota wadudu, na hana sababu ya kumdhani kuwa ni mgeni. Vivyo hivyo sululu, ambao watu wa pwani huwaona wakichokoa matope ya mikoko maji yakitoka, wengi wao walitoka katika mayai yaliyotagwa kwenye nchi za theluji za Urusi.

Muri yeye hasafiri hivyo. Hana mabawa ya safari. Baridi ikija husogea baharini kidogo tu, na asipopata chakula hapo hana pengine pa kwenda. Uvuvi wa chewa katika Ghuba ulifunguliwa tena mwaka 2021, kwa kiasi kidogo. Magenge ya muri, hesabu ya 2022 ilipofungwa, yalikuwa bado nusu tupu, na katika vipenu vile ambavyo zamani hapakuwa na nafasi ya kutia mkono baina ya ndege na ndege, shakwe walikuwa wakitembea.